KIBAO HAKIKUWA KIBOVU

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini wengi wetu hatujawahi kujiuliza vimeundwa wapi. Jahazi haliundwi majini. Fundi huliunda ufukoni, juu ya nchi kavu, mahali penye nafasi ya kusimama, kupiga misumari na kukalafati. Siku likikamilika ndipo husukumwa baharini. Hata hivyo, fundi huyo akisahau bahari ilivyo, chombo chake kitazama tu, hata kama pale mchangani kila mtu alikisifu.

Ndugu msomaji, najua utaniuliza, "Wewe unasoma bara, bahari unaiona kwenye ramani. Mambo ya jahazi yanakuhusu nini?" Subiri kidogo. Maoni yangu leo ni juu ya vile vibao vidogo vya tarakilishi ambavyo vimeanza kuingia katika shule zetu, na jinsi tunavyoviandikia programu. Nasema hivi: programu za vibao tuziunde nchi kavu, yaani kwenye tarakilishi kubwa za maabara, lakini tujifunze kwanza kuijua bahari. Tusipofanya hivyo tutaendelea kufungia kabatini vitu vizima, na kuwafungia nje wanafunzi wenye akili timamu. Haya siyasemi kwa kusikia. Yalinipata mimi mwenyewe.

Mwaka wa 2023, nikiwa kidato cha pili, chama chetu cha tarakilishi kilipata kibao kimoja cha aina ya Raspberry Pi Zero. Kwa wale ambao hamjakiona, hiyo ni tarakilishi nzima iliyokaa juu ya bamba moja, nayo ni ndogo kuliko kitambulisho cha shule. Ina prosesa, kumbukumbu ya megabaiti 512, na tundu la kadi kama ile ya simu. Kilipotolewa mara ya kwanza huko Uingereza mnamo Novemba 2015, kibao hiki kiliuzwa dola 5 za Kimarekani. Kaka yake mkubwa, Raspberry Pi ya kwanza, alikuwa ametangulia Februari 2012 kwa dola 35.

Tukaamua kukipa kazi ya maana. Kila anayelala bwenini anajua visa vya tenki letu la maji. Linakauka bila kuaga. Unaamka saa kumi na moja alfajiri, beseni mkononi, unafungua mfereji, unasikia upepo tu. Tukasema, tuweke kipimo juu ya tenki, kile kinachopiga sauti na kusikiliza mwangwi wake, kisha kibao kihesabu maji yaliyobaki na kumwonya mwenye bohari kabla mambo hayajaharibika.

Programu tuliiandika kwa lugha ya C kwenye tarakilishi za maabara. Tuliijaribu pale pale kwa vipimo vya kubuni, ikafanya kazi barabara. Siku ya Wazazi ikafika. Tukaihamisha kwa flashi hadi kwenye kibao, tukakiunganisha na skrini, na mimi ndimi niliyechaguliwa kubonyeza. Nikabonyeza. Kibao kikajibu kwa maneno machache ya Kiingereza, kwamba faili hii umbo lake haliwezi kutekelezwa. Basi.

"Jaribu tena, kijana," mwalimu mlezi akaniambia kwa upole.

Nikajaribu tena. Maneno yale yale. Nikagusa waya hii, nikagusa ile, jasho likinitoka mbele ya wazazi. Mzee mmoja aliyesimama nyuma akasema, "Hicho kimeungua." Na neno la mzee likawa hukumu. Kibao kikafungiwa kabatini muhula mzima, na mimi niliyekuwa nimegusa waya nikapewa jina jipya: Muuaji. Bwalo zima lilinijua kwa jina hilo. Tenki nalo, ambalo halikujali majina ya watu, lilikauka mara mbili kabla shule kufungwa.

Likizo ya Desemba nilimtembelea binamu yangu ambaye ni fundi wa simu mjini. Nikamsimulia mkasa wote. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Hicho kibao kinajua lugha gani?"

"Ni C," nikajibu haraka.

"Hapana bwana. C ni lugha yenu nyinyi mnaoandika. Mimi nauliza lugha ya kibao."

Hapo ndipo macho yaliponifunguka. Hakuna prosesa inayoelewa C. C ni maandishi ya binadamu, na lazima yatafsiriwe hadi lugha ya mashine. Mtafsiri huyo ndiye anayeitwa kompaila. Sasa, kama vile binadamu walivyo na lugha nyingi, prosesa nazo zina lugha tofauti. Tarakilishi za maabara yetu zina prosesa za ukoo wa x86-64, ule wa Intel na AMD. Kibao chetu ni cha ukoo wa ARM, ulioanzia katika kampuni ya Acorn mjini Cambridge, ambako Sophie Wilson na Steve Furber walibuni prosesa ambayo ya kwanza yake ilifanya kazi mwaka wa 1985. Amri ya kujumlisha tarakimu mbili, ikiandikwa kwa lugha ya x86-64, kwa ARM ni kelele tu zisizo na maana.

Kompaila ya kawaida, usipoiambia lolote, hutafsiri kwa lugha ya mashine ile ile inayokalia. Kwa hivyo, sisi tulikuwa tumekiandikia kibao barua nzuri, yenye anwani na sahihi, lakini katika lugha ambayo hakikujua kuisoma. Kikatuambia ukweli kwamba hakiwezi kuisoma. Sisi tukakiita maiti.

Dawa ya ugonjwa huu ni kompaila inayokaa kwenye mashine moja na kutafsiri kwa ajili ya mashine nyingine. Mimi naiita kompaila mtambuka, maana inatambuka mpaka wa mashine yake. Fundi yuko nchi kavu, lakini mbao anazipima kwa mawimbi ya bahari.

Msidhani jambo hili ni geni. Mwanzoni mwa mwaka wa 1975, Bill Gates na Paul Allen waliandika BASIC ya tarakilishi ndogo iitwayo Altair 8800 ilhali hawakuwa na Altair hata moja. Waliiandika kwenye tarakilishi kubwa ya PDP-10 katika Chuo Kikuu cha Harvard. Allen alitengeneza programu ya kuigiza prosesa ya 8080 iliyokuwa ndani ya Altair, nao wakawa wanajaribia kazi yao humo. Kisha Allen akapanda ndege hadi Albuquerque akiwa na utepe wa karatasi wenye matundu, akautia katika Altair halisi, nayo ikakubali. Hata tarakilishi iliyowaongoza wanaanga wa Apollo hadi mwezini mwaka wa 1969 haikuandikiwa programu ndani yake yenyewe. Programu zake zilitayarishwa kwenye mashine kubwa huko MIT, ndipo zikafumwa kwa waya, kwa mikono ya wanawake kiwandani, hadi zikawa kumbukumbu ya chombo. Waya ikishafumwa, kosa halifutiki kwa kidole. Ama kweli, wale walijua bahari kabla ya kusukuma chombo.

Turudi shuleni kwetu. Januari 2024 nilimwomba mwalimu mlezi afungue kabati. Tukawasha kibao. Kilikuwa kizima kama kuku wa jirani! Nikaandika amri aliyonifundisha binamu, uname -m, nacho kikajitambulisha: armv6l. Tarakilishi ya maabara ilipoulizwa swali lilo hilo ikajibu x86_64. Tofauti yote ya Siku ya Wazazi ilikuwa katika maneno hayo mawili.

Lakini nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Yalituchukua majuma manne, na nitaeleza makosa yetu ili atakayetufuata asiyarudie.

Kwanza, tuliweka kwenye tarakilishi ya maabara, inayotumia Ubuntu 22.04, kompaila ya ARM iliyo tayari. Programu ikatafsiriwa, tukaipeleka kwa kibao, kikaikataa tena. Safari hii kililalamika kwamba hakina toleo la maktaba linalotakiwa. Maktaba ninayosema hapa ni ile ya lugha ya C, ambayo karibu kila programu huiazima inapofanya kazi. Ubuntu ile ina toleo la 2.35, na kadi ya kibao chetu ilikuwa na 2.31. Ni kama kumtuma mtoto akuletee kitabu kilichochapishwa mwaka huu kutoka kabati la vitabu vya zamani. Atarudi mikono mitupu.

Pili, mwenzetu mmoja mjanja akasema, "Wee, si tubebe maktaba yetu ndani ya programu yenyewe?" Inawezekana, na tukafanya. Faili ikanenepa, kibao kikaipokea, na papo hapo kikaanguka, kikisema kimekutana na amri kisichoijua. Kumbe ndani ya ukoo wa ARM wenyewe mna rika mbalimbali! Kompaila ile ya Ubuntu, pamoja na maktaba zake, huandika kwa ARM ya rika la saba. Pi Zero ya kwanza ni ya rika la sita. Mkubwa anaelewa maneno ya mdogo wake, lakini mdogo hajafunzwa maneno yote ya mkubwa. Tena haikutosha kuiambia kompaila itafsiri kwa rika la sita, kwa sababu maktaba tuliyoibeba ilikwisha tafsiriwa zamani kwa rika la saba.

Tatu, tukapata dawa. Tulitafuta kompaila mtambuka iliyotengenezwa kwa ajili ya rika la sita, kisha tukatoa kadi ya kibao, tukanakili maktaba na vichwa vyake vyote hadi kwenye folda moja ya tarakilishi kubwa, tukaiambia kompaila, "Ukitaka kuazima kitu, azima humu tu." Yaani tulileta maji ya bahari ufukoni tukapimia chombo humo. Programu ilipofika kwenye kibao, ikaendeshwa bila neno.

Sasa nifike kwenye hoja yenyewe, kwa maana kuna wenzangu chamani ambao hawakubaliani nami, na nawaheshimu.

Wa kwanza husema: "Mnajisumbua bure. Si muandike na kutafsiri huko huko kwenye kibao?" Ni kweli kwamba programu fupi kama yetu itatafsirika humo kwa muda mfupi, na mitego yote mitatu niliyotaja utaiepuka. Kama una kibao chako nyumbani, skrini yako na stima isiyopotea, fanya hivyo. Lakini hebu tuhesabu. Wanachama ni 26. Kibao ni kimoja. Tarakilishi kubwa ni 12. Tukifanyia kazi kwenye kibao, mmoja anaandika na 25 wanatazama kisogo chake. Na huyo mmoja ni nani? Ni yule yule kila juma, ambaye kwao kuna kompyuta na vidole vyake vina kasi. Kidato cha kwanza hubaki kushika waya. Wengine wameshika waya mwaka mzima, wakaacha chama bila kuandika hata mstari mmoja. Isitoshe, stima ikipotea kibao kinapoandika kwenye kadi, mafaili huweza kuharibika na kazi ikaanza upya.

Tukiunda nchi kavu, tarakilishi zote 12 zinakuwa karakana. Wawili au watatu kwa kila moja, kila kundi linaandika, linatafsiri, linakosea, linarekebisha. Kibao kinangoja mezani, na kila kundi linakuja kuonja kwa dakika chache. Kwa maoni yangu, hii ndiyo faida kubwa ya kompaila mtambuka katika shule kama yetu. Mhandisi wa kampuni huipendea kasi. Sisi tuipendee haki.

Wa pili husema: "Tumieni Python, haina mambo ya kukompaili." Hoja hii ina uzito. Maji ya tenki hayashuki kwa kasi ya risasi, na Python ingetosha kabisa kuyapima. Sitabishana. Lakini Python yenyewe haikuanguka kutoka mbinguni. Python tunayoitumia ni programu iliyoandikwa kwa C, na kuna mtu aliyeitafsiri kwa ARM ndipo wewe ukaikuta tayari. Halafu kuna vibao vidogo zaidi, kama Raspberry Pi Pico iliyotolewa Januari 2021 kwa dola 4. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 264 tu. Ukitaka kuiandikia kwa C, hakuna hiari, kwa kuwa kompaila haiwezi kuenea humo. Hata ile Python ndogo inayoendeshwa ndani yake ilitafsiriwa kwanza kwenye mashine kubwa. Anayejua Python peke yake ni nahodha mzuri. Lakini siku chombo kikitoboka, atahitaji fundi.

Wa tatu husema: "Shule itununulie vibao zaidi." Nani asiyetaka? Lakini fedha hizo hizo zinasubiriwa na maabara ya kemia, na paa la bweni, na tenki lenyewe. Tena nawaomba mkumbuke Siku ya Wazazi. Hata tungekuwa na vibao 26, vyote 26 vingekataa ile programu, na pengine kabati lingejaa. Siku ile hatukupungukiwa na vibao. Tulipungukiwa na maarifa.

Basi natoa mapendekezo yangu, na mwalimu mlezi ameahidi kuyasikiliza.

Mosi, kila kibao kinachoingia shuleni kibandikwe karatasi yenye jina la prosesa yake, rika lake na toleo la mfumo ulio kwenye kadi. Mgeni huulizwa jina kabla ya kupewa kazi.

Pili, kila tarakilishi ya maabara iwekwe kompaila mtambuka pamoja na ile folda ya maktaba zilizonakiliwa kutoka kwenye kadi. Kadi ikibadilishwa, folda ibadilishwe pia.

Tatu, programu isiondoke maabarani kabla ya kukaguliwa. Amri ya file itakuambia kama ni ya x86-64 au ya ARM, na readelf -A itakuonyesha imeandikwa kwa rika gani. Ni kazi ya dakika moja. Dakika hiyo ingeniokoa na jina la Muuaji.

Nne, tujifunze kutumia QEMU, ile programu ya bure aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka wa 2003, ambayo huigiza prosesa nyingine. Kwayo, programu ya ARM inaweza kujaribiwa kwenye tarakilishi kubwa kabla ya kufika kwa kibao, kama Allen alivyofanya na Altair yake ya kuigiza. Haitaona kipimo cha tenki, lakini itaona makosa mengi ya hesabu zetu.

Tano, na hili ndilo la moyoni. Kitu chochote kisitangazwe kuwa kibovu mpaka tuwe tumejiuliza tulikisemesha kwa lugha gani. Nasema kitu, lakini natumaini mnanielewa. Nimeketi darasani na wenzangu walioitwa wazito, ambao walipoelezwa jambo lilo hilo kwa Kiswahili, au kwa mfano wa shambani kwao, walilielewa kabla yangu. Kule kukataa kwao hakukuwa ujinga. Barua ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya mwandishi, msomaji akasahaulika.

Kibao kile leo kimetundikwa ukutani katika ofisi ya bohari. Muhula uliopita kilimwonya mwenye bohari mara tatu, na mara zote tatu pampu iliwashwa kabla mfereji haujakauka. Programu inayoendesha kazi hiyo si yangu. Ile yangu ilifutwa, ikaandikwa upya na msichana wa kidato cha kwanza ambaye kabla ya kuja shule hii hakuwahi kugusa kibodi. Aliiandikia kwenye tarakilishi namba saba, ile ya dirishani, akiwa na wenzake wawili, siku ambayo makundi mengine kumi na moja yalikuwa yakiandika zao.

Siku hizi bwalo limeanza kusahau jina la Muuaji. Mimi silisahau. Kila nikiliwaza namkumbuka yule mzee wa nyuma aliyesema, "Hicho kimeungua," na jinsi sisi sote, walimu na wanafunzi, tulivyomwamini bila kuuliza swali moja.

Kuuliza si ujinga, ndugu msomaji. Muhula ujao chama cha tarakilishi kitakutana kila Jumatano baada ya michezo. Njooni.